Uliza Fundi: Kompyuta ikiwaka, programu ijianzishe yenyewe

Safu ya mwezi huu ni ya wenye Raspberry Pi na ndugu zake, vile vikompyuta vya ukubwa wa kiganja vinavyoendeshwa na Linux. Barua karibu zote zinalia kilio kimoja: nikiianzisha programu mwenyewe inakwenda, nikiiachia kompyuta ijianzishie, kimya. Nimechagua za wale walioambatanisha faili zao, maana bila kuona ulichoandika nabaki kupiga ramli.

Shikamoo Fundi. Nina Raspberry Pi 4 yenye kihisi joto cha DS18B20. Programu yangu ya Python, kipima.py, hukisoma kila dakika na kuongeza mstari kwenye faili la joto.csv. Nikiiendesha kwa mkono haina shida. Kwenye crontab, orodha ya kazi ambazo programu ya cron huzianzisha yenyewe, nimeandika "@reboot python3 kipima.py", nikawasha upya, hakuna kitu, hata ujumbe wa kosa sikuuona. Nikaihamishia amri hiyo kwenye .bashrc na alama ya & mwishoni. Ikaanza, lakini sasa joto.csv lina mistari miwili miwili kwa kila dakika. Maktaba nimezisakinisha ndani ya venv, folda ya Python iliyotengwa kwa ajili ya programu hii, kwa sababu pip, kisakinishi cha Python, ilinikatalia nje.

Marahaba. Nianze na mistari miwili miwili, hiyo ni nyepesi. Faili la .bashrc husomwa kila mara ganda la bash linapofunguliwa ili mtu aandike amri. Kompyuta yako umeiweka iingie yenyewe bila nenosiri, kwa hiyo ganda la kwanza linafunguka kwenye skrini na kipima.py inaanza. Ukiingia kwa SSH kutoka kwenye laptopu, ganda la pili linafunguka, na kipima.py ya pili. Fungua dirisha jingine uone mistari mitatu. Amri hiyo itoe humo leo hii.

Sasa crontab. Cron haina kosa: iliianzisha programu, programu ikafa papo hapo, na maneno yake ya mwisho yakatupwa. Kazi ya cron ikitoa maandishi, cron hujaribu kumpelekea mwenye kazi kwa barua pepe ya ndani ya kompyuta. Pasipokuwa na programu ya kupeleka barua, maandishi hayo yanapotea. Ukitaka kuyaona, yaelekeze kwenye faili:

```
@reboot python3 kipima.py >> /home/kituo/cron.log 2>&1
```

Jina la mtumiaji nimeweka "kituo", wewe weka lako. Nilizipanga folda kama zako kwenye ubao wangu wa majaribio, nikauwasha upya, na faili la cron.log likanijibu hivi:

```
python3: can't open file '/home/kituo/kipima.py': [Errno 2] No such file or directory
```

Isome njia hiyo polepole. Programu yako iko /home/kituo/kipima/kipima.py, lakini cron huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na haina habari kwamba wewe huwa unaingia kwanza kwenye folda ya kipima ndipo unaandika amri. Ukiirekebisha njia, kosa la pili linakungoja: python3 ya mfumo haizijui maktaba zilizomo ndani ya venv, kwa hiyo utapata ModuleNotFoundError. Ukilimaliza na hilo, la tatu ndilo baya zaidi, maana halina ujumbe wowote. Ndani ya programu umeandika open("joto.csv", "a") bila njia kamili. Joto litakuwa linaandikwa kwenye /home/kituo/joto.csv, huku wewe ukilichungulia lile la zamani lililomo kwenye folda ya kipima na kuapa kwamba programu imelala.

Makosa matatu, mzizi mmoja. Unapoandika amri kwa mkono, mengi yamekwisha kuandaliwa: mtumiaji anajulikana, folda inajulikana, venv imewashwa, PATH, ile orodha ya folda zinamotafutwa programu, imejaa, mtandao umeshika, saa ni sahihi. Kompyuta inapowaka hayo yote hayapo mpaka mtu ayataje. Karibu kila swali la mwezi huu ni suala la nani alisahau kutaja nini.

Mahali pa kuyataja ni faili la huduma la systemd. Hiyo ndiyo programu ya kwanza inayoanzishwa na kerneli, kile kiini cha Linux, ile yenye namba 1 ukitazama orodha ya michakato, na Debian imeifanya kuwa ya kawaida tangu toleo lake la 8 mwaka 2015. Raspberry Pi OS imejengwa juu ya Debian, kwa hiyo unayo tayari, husakinishi chochote. Fungua faili jipya kwa sudo nano /etc/systemd/system/kipima.service na uandike:

```
[Unit]
Description=Kisoma joto

[Service]
User=kituo
WorkingDirectory=/home/kituo/kipima
ExecStart=/home/kituo/kipima/venv/bin/python -u kipima.py
Restart=on-failure
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wa User usiuache. Ukikosekana, programu itaendeshwa na root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, na joto.csv litakalozaliwa litakuwa mali ya root. Kesho ukitaka kulifuta mstari mmoja utaambiwa huna ruhusa. WorkingDirectory inalimaliza lile kosa la tatu. Kwenye ExecStart, tazama kwamba sikuandika "activate" popote. Ukiiita python iliyomo ndani ya venv kwa njia yake kamili, inazipata maktaba zake yenyewe. Naona watu wanaandika "source venv/bin/activate && python kipima.py" kwenye mstari huo na kushangaa kwa nini haukubaliki. Systemd si ganda. Haijui source, haijui &&, haijui alama ya > wala ile ~ ya nyumbani.

Ile -u ni ndogo lakini itakuokolea jioni nzima. Python ikiona haiandikii kwenye skrini, hukusanya maandishi ya print mpaka yajae kiasi fulani ndipo iyamwage. Bila -u utatazama kumbukumbu, utazikuta tupu, na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

RestartSec nayo ina hadithi yake. Usipoitaja, systemd husubiri sehemu ya kumi tu ya sekunde kabla ya kuianzisha tena programu iliyoanguka. Kwa kawaida pia haikubali majaribio zaidi ya 5 ndani ya sekunde 10. Piga hesabu: programu inayokufa mara tu inapoanza itamaliza nafasi zake zote kabla hujapepesa macho, na systemd itaiacha chini ikiwa na maneno "Start request repeated too quickly". Kwako hili si jambo la kufikirika, kwa sababu kerneli huchukua sekunde kadhaa kukitambua kihisi cha DS18B20. Programu ikiwahi kulitafuta faili la w1_slave chini ya /sys/bus/w1/devices kabla kihisi hakijaonekana, itaanguka. Ukiipa sekunde 10, jaribio la pili au la tatu litakikuta kihisi mahali pake. Kwa kuwa tumekigusa: usomaji wa kwanza ukiwa nyuzi 85 kamili, usiuandike. Hiyo ndiyo thamani inayokaa ndani ya DS18B20 inapopata umeme, kabla haijapima chochote.

Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now kipima
systemctl status kipima
journalctl -u kipima -b
```

Wengi huchanganya enable na start. Start inaianzisha sasa hivi na habari imeishia hapo. Enable haianzishi kitu. Inaweka kiungo ndani ya folda ya multi-user.target.wants, ili safari ijayo kompyuta ikiwaka systemd ikikute na kukifuata. Ukiandika --now unapata vyote viwili. Na daemon-reload irudie kila ukiligusa faili la huduma, la sivyo systemd itaendelea na maandishi ya zamani iliyokwisha kuyasoma.

Fundi, mbona unawazungusha watu? Mimi nina /etc/rc.local, lile faili la amri za wakati wa kuwaka, mstari mmoja tu, na inafanya kazi miaka yote.

Kama inafanya kazi, iache ifanye kazi. Ila ujue unachokubali. Kila kilichomo kwenye rc.local kinaendeshwa na root. Programu ikianguka hakuna wa kuiinua. Ukisahau alama ya & baada ya programu isiyokwisha, mistari iliyo chini yake haifikiwi kamwe, na ile "exit 0" ya mwisho inabaki pambo. Tena faili lenyewe siku hizi halisomwi na mfumo moja kwa moja: ni systemd hiyohiyo inayoliendesha kupitia huduma ndogo ya rc-local, na inaliruka kimyakimya likikosa ruhusa ya kuendeshwa. Kwa hiyo systemd unaitumia tayari, bila kufaidi chochote chake.

Ndugu Fundi, huduma yangu inakataa. Status inasema "code=exited, status=203/EXEC" na chini yake "No such file or directory". Faili la anza.sh lipo, nimeliona kwa macho yangu, nililiandika kwenye Windows nikalihamisha kwa flashi.

Nakuamini kwamba lipo. Namba 203 maana yake systemd imeshindwa kabisa kuliendesha faili ulilotaja, na maneno yanayofuata ndiyo yanayomtaja mwizi. "Permission denied": hujaliruhusu, andika chmod +x anza.sh. "Exec format error": mstari wa kwanza hauna #!/bin/bash, kwa hiyo kerneli haijui nani alisome. "No such file or directory" ilhali faili lipo: kisichopatikana ni yule msomaji aliyetajwa kwenye mstari wa kwanza. Windows humaliza kila mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Ile ya ziada imejibandika kwenye mkia wa mstari wako, na kerneli inatafuta programu inayoitwa "/bin/bash" pamoja na hiyo herufi, programu ambayo haipo popote.

Hakikisha kwa amri ya file anza.sh. Ikijibu "with CRLF line terminators", umempata. Dawa yake:

```
sed -i 's/\r$//' anza.sh
```

Namba nyingine mbili zinazoletwa sana: 217/USER ni jina la mtumiaji lililokosewa kwenye User, na 200/CHDIR ni WorkingDirectory isiyokuwepo.

Fundi, programu yangu hutuma vipimo kwenye seva kila baada ya dakika 5. Niliweka After=network.target kama nilivyoona kwenye mfano, lakini kila ikiwaka inaanguka na "Temporary failure in name resolution". Halafu jambo la ajabu: zikifanikiwa, kumbukumbu za mwanzo zina saa iliyopitwa. Mara moja haikuunganika na seva, ikisema cheti cha usalama cha seva hakijaanza kutumika. Ni Raspberry Pi 3.

Hapa umeleta maswali mawili, na yote mawili nayapenda.

Jina la network.target linadanganya watu wengi. Halisemi mtandao umeshika. Linasema tu kwamba vyombo vya kuusimamia mtandao vimeanzishwa. Wi-Fi yaweza kuwa bado inatafuta antena. Unachokitaka ni network-online.target, na kinahitaji mistari miwili:

```
Wants=network-online.target
After=network-online.target
```

After peke yake hupanga zamu tu: "hicho kikianza, mimi nyuma yake". Haimwiti mtu. Wants ndiyo inayoita. Kwa Raspberry Pi OS iliyojengwa juu ya Debian 12 mtandao unasimamiwa na NetworkManager, kwa hiyo angalia kama huduma ya NetworkManager-wait-online imewezeshwa, maana ndiyo inayosubiri kwa niaba ya wengine.

Nikishasema hayo, ushauri wangu ni usiyategemee. Mtandao uliokuwepo wakati wa kuwaka waweza kukatika saa mbili baadaye, na hapo hakuna mstari wa systemd utakaokusaidia. Programu inayotuma vipimo lazima yenyewe ijue kushindwa: ihifadhi kipimo kwenye faili, isubiri, ijaribu tena, ikifanikiwa ipeleke na vile vilivyolala. Ukiiandika hivyo, hutahitaji hata Wants wala After, na itaanza kupima mapema badala ya kusubiri Wi-Fi ndipo ianze.

Sasa saa. Raspberry Pi 3 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika inasahau wakati. Mfumo huwa unaandika saa kwenye faili mara kwa mara na wakati wa kuzimwa, na ukiwaka huanzia pale ulipoandika mwisho. Kwa hiyo kompyuta iliyozimwa saa nne usiku na kuwashwa saa moja asubuhi inaamka ikidhani bado ni saa nne usiku, mpaka systemd-timesyncd ipate mtandao na kuuliza seva za saa. Katika pengo hilo ndimo zilimo kumbukumbu zako zilizopitwa na wakati. Cheti nacho ni hivyo hivyo: kilitolewa baada ya ile saa ambayo kompyuta yako ilidhani ndiyo sasa, ndiyo maana kikaonekana kama hakijazaliwa.

Ikiwa programu haiwezi kufanya lolote bila saa sahihi, wezesha huduma inayosubiri saa ilinganishwe:

```
sudo systemctl enable systemd-time-wait-sync
```

kisha kwenye faili lako la huduma weka Wants na After za time-sync.target. Mtandao usipokuwepo, programu yako haitaanza kabisa, kwa hiyo chagua ukijua. Njia ya pili ni kununua moduli ndogo ya saa yenye betri, kama ile ya DS3231. Raspberry Pi 5 imekuja na saa ndani ya ubao wake, lakini betri yake unainunua mwenyewe na kuichomeka. Bila hiyo betri hali ni ileile. Na kwenye msimbo wako, zile dakika 5 usizihesabu kwa time.time(). Saa ikirukishwa mbele kwa saa tisa katikati ya hesabu, programu itadhani imechelewa sana. Tumia time.monotonic(), ambayo hairukishwi na mtu.

Kumbukumbu za jana hazionekani. journalctl, ile amri ya kuzisoma, inaanzia leo asubuhi tu.

Zinahifadhiwa kwenye RAM ili kuipunguzia kadi ya SD kazi ya kuandika. Tengeneza faili /etc/systemd/journald.conf.d/99-hifadhi.conf lenye mstari wa [Journal] na chini yake Storage=persistent, na mwingine wa SystemMaxUse=50M ili zisiijaze kadi. Washa upya. Ukishaukamata ugonjwa uliokuwa unautafuta, lifute.

Fundi naomba msaada. Nataka ukurasa wa vipimo ufunguke kwenye skrini nzima kompyuta ikiwaka. Huduma yangu ya systemd inaianzisha Chromium lakini inasema haioni skrini.

Huduma za mfumo huanza bila kujua kama kuna eneokazi lolote. Kuna watu watakaokuambia uweke DISPLAY=:0 na mazingira mengine ya aina hiyo mpaka ikubali. Itakubali leo, itakataa toleo lijalo. Kitu cha kuonekana kwenye eneokazi kianzishwe na eneokazi lenyewe. Kwenye Raspberry Pi OS inayotumia labwc, programu inayosimamia madirisha ya eneokazi, faili ni ~/.config/labwc/autostart, na tofauti na systemd, hili ni skripti ya ganda, kwa hiyo vile vitu nilivyomkataza msomaji wa kwanza hapa vinaruhusiwa:

```
(
until curl -s -o /dev/null http://localhost:8080; do sleep 1; done
chromium --kiosk http://localhost:8080
) &
```

Mstari wa until ni muhimu kwako. Ukurasa unatolewa na programu yako nyingine, na Chromium ikiwahi kabla yake itaonyesha ukurasa wa kosa kwenye skrini nzima, nao utakaa hapo siku kutwa. Kwenye baadhi ya matoleo amri inaitwa chromium-browser. Usisahau kuweka kuingia kiotomatiki kwenye eneokazi kupitia raspi-config.

Fundi, nina pampu ya maji inayowashwa kwa rilei (swichi ya umeme) kwenye GPIO17, mojawapo ya pini za ubao, Raspberry Pi 3. Mambo mawili. Nikiandika systemctl stop inakaa dakika moja na nusu ndipo irudi, na wakati mwingine pampu inabaki inazunguka ingawa nimeandika mstari wa kuizima mwishoni mwa programu. Pili, kompyuta ikiwaka rilei inalia "tak" na pampu inaamka kabla hata programu yangu haijaanza.

Umeambatanisha programu nzima, na ahsante kwa hilo, kwa sababu jibu la kwanza liko kwenye mistari yako minne. Umetengeneza kazi (function) inayoitwa simama, inayobadilisha endelea kuwa False ikipokea SIGTERM, ile ishara ya kuiomba programu isimame. Kitanzi chako ni "while endelea", na ndani yake kuna time.sleep(600). Unachotarajia ni kwamba ishara ikija, usingizi utakatika, kitanzi kitaona False na kutoka. Tangu Python 3.5 haiendi hivyo. Ishara ikija katikati ya sleep, Python huiita kazi yako ya simama, kisha inarudi kulala dakika zilizobaki, isipokuwa simama yenyewe itupe kosa. Kwa hiyo endelea imeshakuwa False, lakini hakuna aliye macho kuitazama. Systemd inasubiri sekunde 90, muda wake wa kawaida, halafu inatuma SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo. Hiyo haina mjadala. Mstari wako wa kuzima pampu hausomwi. Siku ambazo pampu huzimika, ni kwamba usingizi ulikuwa umebakiza muda mfupi.

Badilisha iwe hivi:

```
signal.signal(signal.SIGTERM, lambda s, f: sys.exit(0))

try:
    while True:
        fanya_kazi()
        time.sleep(600)
finally:
    pampu.off()
```

sys.exit hutupa SystemExit, usingizi unakatika papo hapo, na finally inazima pampu. Ndani ya fanya_kazi nimeona umeandika "except:" tupu. Iandike "except Exception:", la sivyo itaimeza SystemExit ishara ikija wakati huo, na utarudi palepale.

Hata hivyo kitu kinachozunguka na kusukuma maji usikiachie finally peke yake, maana Python yenyewe yaweza kuuawa, kwa mfano RAM ikiisha. Andika programu ya pili, fupi kabisa, isiyo na kazi nyingine ila kuweka pini kwenye hali ya kuzima, kisha kwenye sehemu ya Service ongeza mstari wa ExecStopPost wenye njia yake kamili. Systemd huiendesha huduma inapokoma kwa namna yoyote ile, iwe umeisimamisha wewe, imeanguka, au imeuawa. Kwa umeme kukatika dawa ni waya: pampu ipite kwenye NO ya rilei (mguso ulio wazi rilei ikipumzika), si NC (uliofungwa), ili rilei isiyo na umeme iwe pampu isiyo na umeme.

Lile "tak" la mwanzo halihusiani na systemd hata kidogo, na hakuna huduma utakayoiwahisha ikalizuia. Ubao ukipata umeme, pini zote za GPIO huanza zikiwa za kupokea, na kila moja ina mvuto dhaifu wa ndani: namba 0 hadi 8 huvutwa juu, kwenye umeme, 9 hadi 27 huvutwa chini, kwenye sifuri. Moduli yako ni ya aina inayowaka pini ikiwa chini, nimeiona kwenye msimbo wako ulipoandika active_high=False. Baadhi ya moduli hizo ni nyepesi kiasi kwamba mvuto huo mdogo wa GPIO17 unazitosha kuwa amri. Ningekuwa mimi ningehamisha waya kwenda GPIO5 au GPIO6, ambazo huvutwa juu tangu mwanzo, na kubadilisha namba kwenye programu. Kama waya umeshaugandisha na risasi, ongeza mstari huu kwenye /boot/firmware/config.txt, au /boot/config.txt kwa matoleo ya kabla ya Debian 12:

```
gpio=17=op,dh
```

Faili hilo husomwa kabla kerneli haijaanza, na mstari huo unaifanya pini kuwa ya kutoa ikiwa juu. Kwenye programu nayo, unapoitengeneza pampu kwa gpiozero, acha initial_value iwe False ili ianze ikiwa imezimwa, pini ikibaki juu. Jaribu kwanza pampu ikiwa imechomolewa, taa ya rilei yenyewe itakuonyesha. Ikiendelea kulia, nitumie picha ya moduli, upande wenye maandishi.